Kuchapa fotomaski za bodi za saketi nyumbani: mwongozo kamili

Bodi ikitoka na njia zilizokatika, au shaba ikabaki mahali isipotakiwa, wengi huanza kubadilisha dawa, kisha taa, kisha bodi yenyewe. Mara nyingi tatizo liko kwenye kipande cha plastiki kilicholazwa juu ya shaba. Kipande hicho ndicho fotomaski, yaani picha ya njia za saketi. Taa na dawa kazi yake ni kuinakili tu. Weusi wake ukivuja mwanga, au vipimo vyake vikipungua nusu asilimia, hakuna hatua ya mbele itakayorekebisha. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa kwenye fotomaski tangu mwanzo hadi mwisho, na unagusa fotoresisti (utando juu ya shaba unaobadilika ukipigwa na mwanga) na dawa ya kuisafisha pale tu zinapokuonyesha kama maski yako inafaa.

Hasi au chanya

Kabla hujawasha printa, tambua fotoresisti uliyo nayo. Zinazopatikana kwa urahisi ni aina mbili. Ya kwanza ni filamu kavu, ile ya buluu inayouzwa ikiwa imeviringishwa na kubandikwa kwenye shaba kwa joto. Hiyo ni hasi: inapopigwa na mwanga inakuwa ngumu na kubaki, pasipopigwa inayeyuka kwenye dawa. Maski yake huwa nyeusi kote isipokuwa njia na pedi (vipande vya shaba vya kuchomelea miguu ya vifaa), ambazo huachwa angavu. Ya pili ni bodi iliyokwisha kupakwa fotoresisti kiwandani, ambayo kwa kawaida ni chanya. Hiyo huyeyuka palipopigwa mwanga, kwa hiyo njia na pedi huchapwa nyeusi na kwingine kukaachwa wazi.

Tofauti hii inabadilisha pia maana ya kila kasoro. Kwenye fotoresisti hasi, kitundu kidogo katika weusi huacha doa la shaba, na doa hilo halina madhara mpaka liunganishe njia mbili. Kwenye chanya, kitundu hichohicho huwa kiko juu ya njia, nacho huila njia hadi ikatike. Vumbi ni kinyume chake: kwenye hasi, unyuzi mmoja ukilala juu ya njia angavu hukata njia hiyo. Kwa printa ya kawaida ya nyumbani mimi huchagua fotoresisti hasi, kwa sababu vitundu vya tona (unga mweusi wa printa ya leza) ni vigumu kuviondoa vyote, ilhali vumbi unaweza kulifuta.

Nyeusi kwa jicho si nyeusi kwa fotoresisti

Fotoresisti nyingi za nyumbani huitikia mwanga wa urujuanimno na zambarau ya mwisho, kati ya nanomita 350 na 405 hivi. Jicho letu halioni vizuri eneo hilo, na ndipo watu wanapodanganyika. Wino unaoonekana mweusi tititi mezani unaweza kuupitisha mwanga huo. Wino mweusi wenye chembechembe za kaboni huuzuia vizuri, na tona nyeusi nayo ina kaboni. Wino mweusi wa rangi iliyoyeyushwa hautabiriki. Mwingine unafaa, mwingine unavuja.

Weusi wa maski hupimwa kwa kipimo kiitwacho densiti. Densiti 2 maana yake ni kwamba sehemu 1 kati ya 100 ya mwanga inapita. Densiti 3 ni sehemu 1 kati ya 1,000, na densiti 4 ni 1 kati ya 10,000. Filamu zinazotengenezwa na mashine za wachapaji huwa karibu na 4. Karatasi moja kutoka printa ya leza mara nyingi haifiki 2 katikati ya eneo kubwa jeusi, kwa kuwa tona hukaa kwa mabaka na kuacha vitundu. Ukiweka karatasi mbili juu ya nyingine, densiti zinajumlishwa: 1.8 na 1.8 zinakupa 3.6. Hesabu hiyo tutairudia chini, maana ndiyo inayookoa printa nyingi dhaifu.

Kuna jaribio rahisi lisilohitaji kifaa cha maabara. Chukua taa yako ya urujuanimno, karatasi nyeupe ya ofisi, na kipande cha maski. Karatasi nyeupe ya kawaida ina kemikali ya kung'arisha ambayo huwaka buluu ikipigwa na urujuanimno. Zima taa za chumba, laza maski juu ya karatasi, mulika kutoka juu, kisha chungulia pembeni au inua ukingo taratibu. Penye plastiki tupu karatasi itawaka. Chini ya weusi inatakiwa iwe giza. Ukiona buluu hafifu, maski hiyo inavuja. Vaa miwani ya kuzuia urujuanimno, na usiitazame taa yenyewe.

Jaribu pia plastiki tupu na kioo chako kwa njia hiyohiyo. Kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha nanomita 365 vizuri. Plastiki ngumu ya akriliki wakati mwingine huwekewa kizuizi cha urujuanimno kiwandani, na hapo utaongeza dakika za mwanga bila kujua unapigana na nini.

Printa na karatasi yake

Kwa printa ya leza, nunua plastiki angavu iliyoandikwa waziwazi kwamba ni ya leza. Hili halina mjadala. Tona huyeyushwa kwa joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi, na plastiki isiyo ya leza, pamoja na ile yenye utando wa kupokea wino, inaweza kuyeyuka na kujizungusha kwenye rola. Printa ikifika hapo, matengenezo yake ni makubwa.

Kwa printa ya wino, nunua plastiki yenye upande uliopakwa utando wa kunyonya wino. Lowesha kidole kidogo na uguse pembe: upande unaonata ndio wa kuchapa. Kwenye plastiki isiyo na utando wino hujikusanya matone na haukauki.

Ipi bora? Printa ya wino yenye wino wa chembechembe hutoa weusi mzito usio na vitundu, na karatasi haipiti kwenye joto, kwa hiyo vipimo hubaki karibu na kweli. Leza hutoa kingo kali na haihitaji kukaushwa, lakini weusi wake una mabaka na joto huivuta plastiki. Ikiwa una zote mbili, anza na ya wino. Ikiwa una leza tu, usinunue nyingine. Fuata sehemu ya kuongeza weusi.

Kuna chaguo la tatu ambalo wengi hulidharau: karatasi ya kunakilia ramani, ile nyeupe hafifu inayotumiwa na wachoraji wa majengo. Hupitisha mwanga wa kutosha, tona huishika kuliko inavyoshika plastiki, na haiyeyuki. Hutawanya mwanga kidogo, kwa hiyo isitumike kwa njia nyembamba sana, ila kwa njia za milimita 0.4 na zaidi kazi yake ni nzuri.

Kuandaa faili

Nitatumia KiCad, programu ya kuchora bodi za saketi, kama mfano, ingawa programu nyingine zina vitu hivyohivyo kwa majina mengine. Toa tabaka moja moja kama PDF au SVG, kamwe usitoe kama picha ya JPEG, kwa sababu JPEG huchafua kingo kwa nukta za kijivu. Chagua nyeusi tupu. Acha ukingo wa bodi uonekane, kwa mstari mwembamba, ili ujue pa kukata.

Alama za kutobolea ziwe ndogo, kama milimita 0.3 hadi 0.4, hata kama tundu lenyewe litakuwa milimita 0.8 au 1. Shaba ikiliwa hapo katikati ya pedi, kinabaki kishimo ambacho ncha ya keekee hujikita bila kuteleza. Ukiacha alama za ukubwa kamili, ncha inayumba ndani ya tundu na pedi hubaki na shaba upande mmoja tu.

Upana wa njia uupange ukifikiria nukta za printa. Kwenye nukta 600 kwa inchi, nukta moja ni milimita 0.042. Njia ya milimita 0.2 ni nukta 4.7, kwa hiyo printa itaichapa kwa nukta 4 mahali pamoja na 5 mahali pengine. Njia ya milimita 0.254 ni nukta 6 kamili. Hiyo ndiyo sababu bodi ya njia za 0.254 hutoka safi kwenye printa ileile iliyoshindwa na 0.2. Kumbuka vilevile kwamba tindikali inayoondoa shaba isiyotakiwa hula pembeni inapokula chini: shaba ya kawaida ina unene wa maikromita 35, na kila upande wa njia unaweza kupoteza kiasi kama hicho. Palipo na nafasi, panua njia.

Kwa fotoresisti hasi, jaza sehemu tupu za bodi kwa shaba ya ardhi, yaani shaba iliyounganishwa na ardhi (GND) ya saketi. Maski itapungua weusi, na maeneo makubwa meusi ndiyo hasa yanayoishinda leza. Tindikali nayo itatumika kidogo.

Upande upi uangalie shaba

Hapa ndipo bodi nyingi huharibika, na sheria yake ni moja: upande wenye wino au tona ndio ugusane na fotoresisti. Plastiki ina unene wa karibu milimita 0.1. Ukiigeuza, wino unakuwa juu na mwanga unapata nafasi ya kupenya kwa mshazari chini ya kingo. Miale inayoingia kwa nyuzi 30 hupinda ikiingia kwenye plastiki, lakini bado husogea karibu milimita 0.03. Ukihesabu pande zote mbili za nafasi ya milimita 0.2 kati ya njia, umepoteza karibu theluthi.

Ili wino uangalie chini, tabaka la juu la bodi huchapwa likiwa limegeuzwa kama kwenye kioo. Tabaka la chini huchapwa bila kugeuzwa, kwa sababu programu hulionyesha kana kwamba unalitazama kupitia bodi kutoka juu. Usiitegemee kumbukumbu yako. Weka neno fupi kwenye kila tabaka la shaba, lisomeke sawasawa kwa mtu anayelitazama tabaka hilo kwenye bodi iliyokamilika. Programu italigeuza yenyewe kwa tabaka la chini. Maski ikilazwa kwenye shaba wino ukiwa chini, neno hilo lazima lisomeke vizuri ukitazama kutoka juu. Likisomeka kinyume, simama hapo.

Kuchapa

Kwenye mipangilio ya printa, chagua ukubwa wa asilimia 100 na uondoe kila kitu kinachosema kutosheleza ukurasa. Zima kuokoa tona. Weka ubora wa juu kabisa. Aina ya karatasi iwe plastiki angavu ikiwa ipo, au karatasi nzito. Mpangilio huo hupunguza mwendo na kuyeyusha tona vizuri zaidi. Ikiwa kuna kitelezi cha uzito wa tona, kipeleke mwisho. Kwenye printa ya wino, hakikisha inatumia wino mweusi wenye chembechembe, kwa kuwa printa nyingine zikichaguliwa karatasi ya picha huchanganya rangi tatu badala yake.

Shika plastiki kwenye kingo tu. Mafuta ya kidole huacha sehemu ambayo tona haishiki, na alama ya kidole juu ya njia haifutiki. Kwa leza, pitisha kwanza karatasi hiyo tupu mara moja, bila kuchapa kitu. Joto litaivuta kiasi cha kuvutika, na safari ya pili itabadilika kidogo tu. Kwa wino, acha maski ikauke kabisa kabla ya kuigusisha na chochote.

Ikague juu ya mwanga kwa kioo cha kukuzia. Vitundu vikubwa vizibe kwa kalamu ya wino wa kudumu. Usijaribu kunyoosha njia kwa kalamu, chapa nyingine.

Ukubwa wa kweli

Chapa misalaba miwili umbali wa milimita 100 kwa mlalo na mingine miwili milimita 100 kwa wima, kisha pima kwa kalipa au rula nzuri ya chuma. Mara nyingi mwelekeo wa kuvuta karatasi ndio wenye kosa, na mlalo uko sawa. Nusu asilimia inaonekana ndogo hadi uipeleke kwenye IC (chipu) ya miguu 40 iliyopangwa safu mbili: kutoka mguu wa kwanza hadi wa mwisho wa upande mmoja ni milimita 48.26, na nusu asilimia yake ni 0.24. Soketi bado itaingia kwa nguvu. Kiunganishi kirefu zaidi hakitaingia.

Dawa yake ni kugawanya. Ikiwa misalaba ya wima imetoka 99.6, gawanya 100 kwa 99.6 upate 1.004, kisha ongeza wima pekee kwa kiwango hicho. KiCad ina sehemu ya kuweka kipimo cha mlalo na cha wima unapotoa faili ya PostScript. La sivyo fungua SVG kwenye Inkscape, programu ya michoro, na uvute kwa namba. Chapa tena, pima tena. Marekebisho hayo ni ya printa hiyo, plastiki hiyo na mwelekeo huo wa karatasi. Ukibadilisha kimojawapo, pima upya.

Kuongeza weusi wa leza

Njia ya kwanza ni mvuke wa asetoni. Weka tone chache kwenye kitambaa ndani ya chombo chenye mfuniko, ning'iniza maski humo bila kuigusisha na kimiminika, na uitazame. Tona hulainika, hutiririka kidogo na kuziba vitundu. Weusi wa kijivu unageuka mzito na unaong'aa. Itoe mara tu unapoona mabadiliko hayo, kwa maana ukizidisha kingo hutanuka. Asetoni inashika moto upesi: fanya kazi nje au penye hewa, mbali na jiko na cheche.

Njia ya pili, ninayoiamini zaidi, ni kulaza maski mbili. Zichape mfululizo kutoka faili moja, zikiwa zimeingia kwenye printa kwa mwelekeo uleule ili makosa ya ukubwa yafanane. Zote mbili wino uangalie chini. Ziweke juu ya kioo chenye mwanga chini yake, linganisha pedi za pembe mbili zinazotazamana kimshazari, kisha bandika selotepu ukingo mmoja, ukague, ndipo ubandike wa pili. Vitundu vya karatasi moja haviangukii vya nyingine, na densiti inajumlishwa. Gharama yake ni usahihi: zisipolingana, njia za maski hasi huwa nyembamba na za chanya huwa nene.

Kuipima maski kwa mwanga

Maski haijulikani ubora wake hadi upate muda wa mwanga. Tengeneza maski ndogo ya majaribio yenye mistari ya milimita 0.15, 0.2, 0.25, 0.3 na 0.5, nafasi kati yake ziwe sawa na upana wake, pamoja na mraba mweusi wa milimita 20. Irudie faili hiyo mara kadhaa katika safu moja. Fanya kazi chini ya taa ya manjano au nyekundu.

1. Laza maski juu ya kipande cha bodi, wino chini, kioo kizito juu, klipu pande zote. Kwa filamu kavu, utando wa juu wa plastiki ubaki hadi baada ya mwanga.
2. Funika safu yote kwa kadibodi isipokuwa sehemu ya kwanza. Washa taa, na kila sekunde 30 sogeza kadibodi ufunue sehemu moja zaidi. Sehemu ya kwanza ndiyo itakayopata mwanga mwingi kuliko zote.
3. Acha filamu kavu itulie dakika 15, ondoa utando, kisha isafishe kwa kaboneti ya sodiamu, gramu 10 kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu, karibu nyuzi 30. Fotoresisti chanya husafishwa kwa kostiki soda, gramu 7 hadi 10 kwa lita 1. Usizibadilishane: kostiki huing'oa filamu kavu yote. Vaa glavu na miwani, na siku zote tia kostiki kwenye maji, si maji kwenye kostiki.
4. Soma matokeo ya filamu kavu. Palipopata mwanga mdogo, mistari inalainika na kuoshwa. Panapofaa, mistari ni migumu na nafasi zake ni shaba tupu. Palipozidi, nafasi huziba au hubaki na utando usioonekana.

Utando huo usioonekana ndio mjanja. Chovya kipande kwenye kloraidi ya feri, tindikali ya kula shaba, kwa sekunde chache na ukisuuze. Shaba tupu hugeuka waridi isiyong'aa papo hapo. Panapoendelea kung'aa pana utando.

Sasa una namba mbili: muda mfupi kabisa unaogumisha mistari, na muda ambao chini ya mraba mweusi panaanza kuacha utando. Ikiwa ya pili ni mara tatu ya kwanza au zaidi, maski inafaa, na muda wako uuweke juu kidogo ya ile ya kwanza. Zikikaribiana sana, usihangaike na sekunde. Rudi ukaongeze weusi. Kwa fotoresisti chanya soma kinyume: mwanga mdogo huacha utando sehemu angavu, mwanga uliozidi huila njia chini ya weusi.

Bodi ya pande mbili

Maski za juu na chini zifanye kama bahasha. Kata vipande viwili vya bodi chakavu vyenye unene uleule, milimita 1.6 kwa bodi ya kawaida, na uvigundishe kwa pembe mraba kati ya maski hizo mbili, zikiwa zimelinganishwa kwa pedi dhidi ya mwanga, wino ukiangalia ndani kwa zote mbili. Bodi mpya inateleza ndani hadi igonge vipande hivyo. Bila vipande, maski zinazolingana zikiwa zimegusana huachana mara unapoingiza unene wa bodi. Pedi zinazounganisha tabaka ziwe pana, milimita 1.5 kwenda juu, hata kama upande mmoja tayari unaweza kuchapa ndogo zaidi.

Maski iliyofaulu ihifadhi kati ya karatasi mbili safi ndani ya faili bapa, isikunjwe. Andika pembeni yake jina la bodi, tabaka, kiwango cha marekebisho ya ukubwa, taa, umbali wa taa na sekunde ulizotumia.